Patrick Kavanagh, Malenga wa Inniskeen

Wahenga wetu walituachia msemo kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ni msemo wa kweli, lakini hawakutueleza ni lini. Leo nataka kuwazungumzia, ndugu wasomaji, mtu aliyecheza kwao akachekwa, akahama kwenda kucheza mjini akapuuzwa, na tuzo yake ikamfikia wakati ambapo amekwisha kuacha kuitazamia. Mtu huyo ni marehemu Patrick Kavanagh, mshairi wa Ayalandi, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 1967.

Wengi wetu tukisikia ushairi wa Ayalandi humkumbuka William Butler Yeats, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923, na ambaye Chinua Achebe wa Nigeria alitwaa maneno yake kuwa jina la riwaya yake ya kwanza. Yeats alikuwa mtu wa majumba makubwa na marafiki wakubwa. Kavanagh alikuwa mtoto wa fundi viatu. Nimemchagua huyu wa pili kwa makusudi, kwani maisha yake yana swali ambalo kila mwenye kutunga hukutana nalo siku moja: je, haya mambo yetu madogo ya mtaani na shambani yastahili kutungiwa mashairi, au ushairi uko mbali, kwa wakubwa? Kavanagh alilijibu swali hilo, lakini jibu lilimgharimu karibu umri wake wote.

MTOTO WA FUNDI VIATU

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1904 mahali paitwapo Mucker, katika kijiji cha Inniskeen, kaunti ya Monaghan. Alikuwa wa nne katika watoto kumi. Babake, James, alishona viatu vya wanakijiji na wakati huohuo akilima kipande chake cha ardhi. Skuli Patrick aliiacha akiwa na umri wa miaka 13, akatiwa katika ufundi wa babake, ajifunze kushika sindano na uzi wa nta. Ufundi haukumkaa. Akarudi kwenye jembe, na kwa miaka ipatayo 20 kazi yake ikawa ni kupanda viazi, kusomba samadi, kuchunga ng'ombe na kwenda nao mnadani. Siku za mapumziko alikuwa golikipa wa timu ya kandanda ya kijiji.

Ili msomaji apate kuielewa nchi hiyo, yafaa akumbuke mambo mawili. La kwanza ni njaa. Baina ya mwaka 1845 na 1849 viazi vilioza ardhini nchi nzima, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wapatao milioni moja wakaihama nchi. Ardhi baada ya hapo ikawa kitu cha kuogopwa na kupendwa kwa pamoja. Mwenye ekari chache alizishikilia kama anayeshikilia uhai wake. La pili ni siasa. Ayalandi ilikuwa chini ya Uingereza hadi ilipogawanywa mwaka 1921, na mwaka 1922 sehemu ya kusini ikaanza kujitawala. Kavanagh alikuwa bado kijana mpaka huo mpya ulipochorwa, na haukupita mbali na mashamba ya kwao.

Alianza kutunga peke yake, bila mwalimu. Aliyokuwa nayo kifuani ni yale mashairi ya vitabu vya skuli aliyoyahifadhi utotoni. Sisi tuliosomea vyuoni twajua nguvu ya jambo hilo: mtoto huhifadhi maneno kabla hajayafahamu, na maneno hayo humngojea ndani mpaka akili ikue. Kavanagh aliyarudia mashairi yale akiwa nyuma ya plau, na taratibu akaanza kuyaongezea ya kwake. Majirani walipopata habari walicheka. Mkulima mwenye kuandika beti, machoni mwao, alikuwa ni mtu aliyepungukiwa na kitu.

Mwaka 1925, alipokuwa katika mji wa Dundalk, alipata nakala ya jarida la Irish Statesman lililokuwa likitoka Dublin. Hapo alitambua kwamba kumbe kuna watu walio hai, katika nchi yake mwenyewe, ambao kazi yao ni kusoma na kuandika mashairi. Mhariri wa jarida hilo alikuwa George Russell, mshairi na mchoraji aliyejulikana kwa herufi mbili tu, AE. Kavanagh akampelekea tungo zake. Zikarudishwa. Akapeleka nyingine, na kuanzia mwaka 1929 AE akazipokea na kuzichapisha. Mwaka huohuo babake alifariki, na mzigo wa shamba ukamwangukia yeye.

SAFARI YA MIGUU

Mwaka 1931 Kavanagh alifunga safari ya kwenda kuonana na AE. Kutoka Inniskeen hadi Dublin ni mwendo wa kilomita zipatazo 80. Yeye aliukata kwa miguu, wakati wa baridi, akiwa na nguo zake za shamba zenye viraka. Alitaka mji umwone alivyo, mkulima mshairi, na kwa hakika mji ulimwona hivyo. Jina hilo la mkulima mshairi lilimganda, na baadaye alitoka jasho akijaribu kulibandua.

AE alimkaribisha vizuri na kumpa vitabu vingi arudi navyo, vya Victor Hugo, vya Dostoevsky, vya Walt Whitman na wengineo. Kijana aliyekuja mikono mitupu alirejea kijijini na mzigo. Mimi huona kwamba hiyo ndiyo zawadi bora ambayo mtunzi mkubwa aweza kumpa mdogo wake. Sifa husahauliwa jioni yake, lakini kitabu hukaa.

Diwani yake ya kwanza, Ploughman and Other Poems, ilichapishwa London mwaka 1936. Mwaka uliofuata akaenda London mwenyewe kutafuta riziki ya kalamu, na mwaka 1938 ikatoka hadithi ya maisha yake, The Green Fool. Kitabu hicho kilipendwa, lakini raha yake haikudumu. Mle ndani Kavanagh alikuwa amesimulia kwamba alipobisha mlango wa Oliver St. John Gogarty, tabibu na mwandishi mashuhuri wa Dublin, alifunguliwa na mtumishi akamdhania kuwa ni mke wa mwenye nyumba au ni hawara wake. Ilikuwa ni mzaha. Gogarty hakucheka. Alikwenda mahakamani, akashinda, akalipwa fidia ya pauni 100, na kitabu kikaondolewa madukani. Basi kitabu ambacho kingemtoa Kavanagh katika umaskini kikazikwa kwa sababu ya mstari mmoja. Na hiyo haikuwa mara ya mwisho kwa yeye na mahakama kukutana.

NJAA NYINGINE

Mwaka 1939, akiwa na karibu miaka 35, aliacha shamba na kuhamia Dublin. Baadaye alikuja kusema kwamba lile lilikuwa kosa kubwa la maisha yake. Vita vikuu vya dunia vilianza majuma machache baada ya yeye kufika. Hakuwa na kazi, na kwa kitambo alikuwa akimtegemea ndugu yake Peter, aliyekuwa mwalimu. Waandishi wa mji walikuwa wakikutana katika baa ya Palace, na Kavanagh akaenda akaketi miongoni mwao. Walimpokea kama watu wanavyopokea kitu cha ajabu kutoka bara. Walipenda aongee kishamba, avae kishamba, na aandike mashairi matamu kuhusu jembe na umande.

Jibu lake lilitoka mwaka 1942. Lilikuwa ni shairi refu katika sehemu 14, aliloliita The Great Hunger, yaani Njaa Kuu, na lilichapishwa kitabu na kiwanda cha Cuala, kilichoanzishwa na Elizabeth, nduguye Yeats wa kike. Msomaji alidhani atasoma habari za njaa ya viazi. Kumbe njaa aliyoikusudia Kavanagh ni nyingine. Shairi lamweleza mkulima mmoja, Patrick Maguire, aliyeitumikia ardhi na kumtii mamake mpaka umri ukampita bila mke, bila mtoto, bila furaha. Mamake anaishi mpaka uzeeni sana, na Maguire angojea, na katika kungoja ndiko maisha yote yanakwisha. Ana chakula, ana ng'ombe, ana shamba lililolimwa vizuri. Aliyekufa kwa njaa ni yule mtu aliye ndani yake.

Kabla ya hapo, kina Yeats walikuwa wamewapamba wakulima wa Ayalandi kama watu waliobarikiwa, wenye hekima ya kale na roho safi. Kavanagh alikuwa mkulima wa kwanza kusimama na kusema, jamani, mimi natoka huko, na ukweli wake ni huu. Watawala na watu wa dini hawakupendezwa, kwani mambo ya upweke na matamanio ya mwili hayakuwa yakitajwa waziwazi katika nchi ile wakati ule. Sehemu ya shairi ilipotoka katika jarida la Horizon la London, polisi walimwendea Kavanagh nyumbani kumuuliza habari zake. Riwaya yake Tarry Flynn, iliyotoka mwaka 1948 na kuyaeleza maisha ya kijana mkulima na mamake kwa ucheshi mwingi zaidi, nayo ilipigwa marufuku kwa muda.

Leo wasomi wengi huihesabu Njaa Kuu kuwa miongoni mwa mashairi makubwa ya karne ile. Lakini mwenyewe alipozeeka aliikana. Alisema imejaa huzuni na kelele, na kwamba mtunzi aliyekomaa sharti aone mbali zaidi ya huzuni. Jambo hili tuliweke akilini, kwani ndilo ufunguo wa miaka yake ya mwisho.

BINTI WA DINGLE

Katika mwaka 1944 moyo wake ulinaswa na Hilda Moriarty, binti wa daktari kutoka Dingle, upande wa magharibi, aliyekuwa akisomea udaktari Dublin. Binti alikuwa na miaka 22, mshairi 40. Kavanagh hakuwa na kazi ya kutegemewa, wala nyumba, wala nguo za maana. Hilda alimheshimu, akasoma mashairi yake, hata akamtania kwamba hajui kuandika ila habari za wakulima. Zaidi ya hapo hakumkubali. Mwaka 1947 aliolewa na Donogh O'Malley, ambaye baadaye akawa waziri wa elimu, na ndiye aliyefungua skuli za sekondari bila ya ada kwa watoto wa Ayalandi.

Kavanagh alitunga shairi juu ya mapenzi hayo, nalo likachapishwa gazetini mwaka 1946. Ni habari ya mtu aliyeiona hatari mapema, akaifuata kwa miguu yake, na hamlaumu mwingine. Alilitia katika mahadhi ya wimbo wa zamani wa kwao. Miaka 20 baadaye alikutana na mwimbaji Luke Kelly, wa kikundi cha Dubliners, akamwambia kwamba anao wimbo wa kumpa. Kelly aliuimba mpaka alipofariki mwaka 1984, na sasa hakuna mtu mzima Ayalandi asiyeujua wimbo wa Raglan Road. Kwetu sisi watu wa pwani hilo si geni, kwani tangu hapo shairi kwetu halijakamilika mpaka lipate sauti ya kulighani. Kwa Kavanagh lilikuwa ni bahati iliyochelewa: shairi lililoshindwa kumpatia mke likampatia taifa zima.

KESI

Sitawaficha wasomaji tabia zake. Alikuwa mtu wa ulimi mkali, mgomvi, mkopaji, na kila miaka ilivyokwenda wiski ilimshika zaidi. Pesa kidogo alizopata alizipeleka kwenye kamari ya farasi. Walioishi naye walichoka naye. Mwenye kusimulia maisha ya mtu na akayafunika haya huwa anasimulia maisha ya mtu mwingine.

Kwa miaka kadhaa aliishi kwa vibarua vya magazeti, na hata Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, alimsaidia kwa fedha na kumtafutia kazi katika gazeti la Kikatoliki. Mwaka 1952 yeye na nduguye Peter walianzisha gazeti lao wenyewe, Kavanagh's Weekly, kwa akiba ya Peter. Karibu kila kitu waliandika wao wawili. Waliishambulia serikali, waliwashambulia waandishi, waliwashambulia hata wale waliotaka kuwa marafiki zao. Matangazo ya biashara hayakupatikana, na baada ya matoleo 13 gazeti likafa.

Lakini ndani ya gazeti hilo aliandika neno ambalo mimi huliona kuwa lina thamani kuliko kesi na magomvi yake yote. Aliwagawa watu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wale ambao hawawezi kuliamini jambo waliloliona kwa macho yao mpaka wasikie mji mkuu wasemaje. Fungu la pili ni la wale ambao hawana shaka hata kidogo kwamba kijiji chao ni mahali pa kutosha kwa mambo yote ya binadamu. Hao wa pili, kwa maoni yake, ndio waliojenga kila ustaarabu mkubwa.

Alikuwa amekwisha kulithibitisha hilo mwaka uliotangulia, katika shairi fupi la mistari 14. Ndani yake mna majirani wawili wa kwao wanaogombea mpaka wa shamba, kipande cha mawe kisichofaa kitu, katika mwaka uleule wa 1938 ambapo wakubwa wa Ulaya walikuwa Munich wakigawana nchi ya watu. Mshairi asita: ni ugomvi gani ulio mkubwa? Mwishowe akumbuka kwamba hata Homer, malenga wa Wayunani wa kale, aliupata utenzi wake mkuu katika ugomvi wa namna hiyohiyo.

Kila mara vijana huniletea tungo zao niziangalie. Mmoja aliniletea beti kumi za theluji, vina vimekaa na mizani imetimia. Nilimwuliza babake afanya kazi gani, akaniambia ni mvuvi. Nikamwuliza ajua majina mangapi ya pepo na ya samaki, akanitajia mengi ambayo mimi mzee sikuyajua. Katika beti zile hamkuwa na hata moja. Nikamsimulia habari za Kavanagh.

Sasa turudi Dublin. Mwezi wa Oktoba 1952, jarida la The Leader lilichapisha makala yasiyo na jina la mwandishi, yaliyomchora Kavanagh kama mtu wa kelele na kikohozi katika mabaa. Yeye akashitaki kwamba amevunjiwa heshima. Kesi ilisikizwa Februari 1954. Wakili wa jarida alikuwa John A. Costello, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi. Mahakama ilijaa watu, na magazeti yakaripoti kila neno kana kwamba ni mchezo wa kuigiza. Costello alimsimamisha kizimbani siku baada ya siku, akimhoji maandishi yake mstari kwa mstari, mwenyewe akigeuzwa kuwa ndiye mshitakiwa.

Jambo moja lilimwangamiza. Aliulizwa kama ni rafiki wa Brendan Behan, mwandishi aliyejulikana kwa ulevi na fujo. Kavanagh alikana kwa ukali. Ndipo upande wa pili ukatoa nakala ya Tarry Flynn ambayo Kavanagh mwenyewe alikuwa ameitia sahihi kumpa Behan, kwa shukrani ya kumpakia rangi chumba chake. Raia walioketi kuamua wakaamua kwamba makala hayakumvunjia heshima. Akashindwa, na gharama za kesi zikamwelekea yeye asiye na senti. Rufani yake ilikubaliwa mwaka 1955 na mambo yakamalizwa nje ya mahakama, lakini aibu ilikuwa imekwisha kutangazwa nchi nzima.

UKINGONI MWA MFEREJI

Kabla hajapumua, madaktari wakagundua kwamba ana saratani ya pafu. Mwisho wa Machi 1955 alipasuliwa katika hospitali ya Rialto, Dublin, na pafu moja likatolewa. Tumtazame basi mtu huyu: umri miaka 50, hana mke, hana nyumba, hana kazi, hana jina mbele ya watu, na sasa ana pafu moja. Lau mtu angeniambia kwamba hadithi yake imekwisha hapo, nisingembishia.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika majira ya joto ya mwaka huohuo, akiwa bado anajiuguza, Kavanagh alikuwa akienda kulala juu ya nyasi ukingoni mwa mfereji mkuu wa Dublin, karibu na daraja la Baggot Street. Mfereji huo ulichimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo. Yeye alilala akitazama maji yakiporomoka penye milango ya kuzuilia, ndege akibeba kijiti, wapenzi kwenye benchi, mashua ikipita na habari za miji ya mbali. Hakuwa akitaka kitu kwa mtu. Ugomvi ulikuwa umekwisha, kwa kuwa hakubakiwa na kitu cha kugombea. Mwenyewe alisema siku zote kwamba ushairi wake ulizaliwa hapo, ukingoni mwa maji.

Mashairi yaliyotoka kipindi hicho, mengi yakiwa ya mistari 14, yalikusanywa mwaka 1960 katika diwani ya Come Dance with Kitty Stobling. Hakuna tena laumu wala kisasi ndani yake. Moja lasifu maji ya mfereji yaliyomwosha moyo. Jingine lasifu wodi ya hospitali, vyumba vyake vya mraba, beseni zake za kunawia, hata mlango wa kuingilia na uwanja wake, na kusema kwamba mapenzi hayabagui kitu. Yule aliyekuwa akibeba kijiji chake kama mzigo wa aibu, kisha akaubeba kama silaha ya kuupigia mji, sasa aliuweka chini na kuutazama tu. Na alipoutazama bila ya tamaa, kila kitu kikawa na nuru: mfereji, beseni, na yale mashamba ya Shancoduff ya ujanani mwake, yaliyoelekea kaskazini na kukosa jua.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Costello, yule wakili aliyemvua nguo mahakamani, alirudi kuwa Waziri Mkuu mwezi wa Juni 1954, na ndiye aliyesaidia Kavanagh kupewa kazi ya kutoa mihadhara katika chuo cha University College Dublin, kwa mshahara wa pauni 400 kwa mwaka. Waliokuwa maadui wakawa watu wa kuamkiana. Mshairi akapata, katika uzee, riziki ndogo isiyokatika.

Mkusanyo wa mashairi yake yote aliyoyaridhia ulitoka mwaka 1964. Mwezi wa Aprili 1967 alimwoa Katherine Barry Moloney. Ndoa haikutimiza miezi minane. Novemba mwaka huo waigizaji wa Abbey walionyesha Tarry Flynn katika mji wa Dundalk, uleule alikolipatia lile jarida la kwanza. Kavanagh alikwenda kuona usiku wa ufunguzi, akaugua, na tarehe 30 Novemba 1967 akafariki Dublin, akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa kwao, Inniskeen.

Katika shairi lake moja la mfereji alikuwa amewaomba watu wasimjengee kaburi la fahari, wamwekee tu mahali pa kuketi penye maji kwa ajili ya wapita njia. Marafiki zake waliutekeleza wasia huo, na tarehe 17 Machi 1968 benchi likazinduliwa ukingoni. Mwaka 1991 likaongezwa jingine, lenye sanamu yake ya shaba, mtu mwenye miwani na kofia pembeni mwake, ameketi mikono kaikunja. Mwaka 1994 kanisa la zamani la Inniskeen lilifunguliwa kuwa nyumba ya kumbukumbu zake, na wageni huenda kutembezwa katika vishamba vile ambavyo majirani walimcheka kwa kuvitungia beti. Seamus Heaney, mtoto mwingine wa mkulima, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 na kufariki mwaka 2013, hakuacha kukiri kwamba ni Kavanagh aliyempa ruhusa ya kuandika juu ya shamba la babake.

Basi mcheza kwao alituzwa, ingawa alikuwa amekwisha kuondoka uwanjani. Mimi simtaki kijana yeyote aige ulevi wa Kavanagh, wala kesi zake, wala ulimi wake. Bali ningependa kila mwenye kutunga, kabla hajaitia kalamu wino, atoke nje ya mlango wake, aangalie upande wa kulia na wa kushoto, na ahesabu vitu anavyovijua kwa majina. Kavanagh alipohesabu vyake alikuwa na miaka 50. Si lazima sisi tungojee mpaka hapo.